Crown mpya na matuta ya Tabora

Shemeji yangu ameuza asali vizuri mwaka huu, na wiki ya pili sasa anatembea na picha za Toyota Crown mpya kwenye simu, ile ya sedani. Mimi ndiye ananifuata kwa sababu naendesha Crown Athlete, umbo lililotoka 2008, huu mwaka wa sita hapa hapa Tabora. Tumebishana jioni mbili mpaka chai ikapoa. Naandika kwa sababu najua hayuko peke yake anayeitamani.

Ni gari zuri, hilo halina ubishi. Crown zilianza kutengenezwa 1955. Kizazi hiki cha 16 kilitambulishwa 2022 kwa maumbo manne, na sedani ikaingia sokoni Japani mwishoni mwa 2023. Ina urefu wa milimita 5,030, na inasukumwa na magurudumu ya nyuma kama Crown za zamani. Kuna inayotumia haidrojeni badala ya petroli; hiyo tuliiweka pembeni mapema, maana huku hakuna pa kuijaza. Inabaki ya haibridi, yaani petroli na umeme pamoja, lita 2.5, ambayo huko kwao ilianzia yen milioni 7.3. Hapo hujalipa meli wala ushuru wa TRA.

Kinachomvutia zaidi shemeji ni nafasi ya siti ya nyuma. Kati ya ekseli na ekseli, yaani tairi za mbele mpaka za nyuma, kuna mita 3 kamili, na nafasi hiyo hakuwekewa dereva. Amewekewa bosi anayefunguliwa mlango, akanyoosha miguu na kusoma makaratasi yake huku mtu mwingine ameshika usukani. Nikamuuliza, "Shemeji, nani atakuendesha?" Hana dereva. Ataendesha mwenyewe kwenda Sikonge, na kwenye siti ile ya kifahari zitakaa ndoo za asali.

Halafu kuna tumbo la gari, na hapa nawaomba mnisikilize. Mwaka juzi natoka Ipuli na familia, tuko watano, buti limejaa mchele. Kuna tuta nalivuka kila siku nikiwa peke yangu bila shida yoyote. Siku hiyo nilisikia mkwaruzo mrefu unapita chini ya miguu yangu. Gereji tulilala chali wote wawili, fundi akamulika na tochi ya simu: kava la plastiki limechanika, na kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, kuna alama mpya inayong'aa, upana wa vidole viwili. Ingezidi kidogo tu, oili yote ingebaki barabarani.

Sababu ni rahisi. Tairi za mbele zikishateremka tuta na za nyuma hazijapanda, kilele kinabaki katikati, na ekseli zikiwa mbali zaidi ndivyo tumbo linavyokisogelea. Yangu ina mita 2.85. Hiyo mpya imeongeza sentimita 15. Na rimu zake ni inchi 19; mimi na rimu zangu ndogo zaidi ya hizo niliwahi kusubiri tairi siku tatu lije na basi kutoka Mwanza.

Shemeji alinijibu kwamba lami ipo, Nzega mpaka Manyoni. Kweli ipo, na kwenye lami ile Crown inatulia mpaka watoto wanalala. Mwenye dereva, ambaye safari zake ni Tabora na Dodoma, sina la kumzuia. Lakini mizinga ya shemeji iko porini.

Kwa hiyo usiamue kwa picha. Azima gari la chini kama hilo, pakia watu na mizigo unayobeba kila wiki, pita njia zako mwenyewe, na ukae kwenye siti utakayokalia kweli. Muulize fundi wako kama amewahi kufungua haibridi, na betri yake ikichoka itatoka wapi.

Jumamosi nilimpa shemeji funguo zangu. Tulipakia watu wanne na ndoo mbili, tukaelekea kwenye tuta lile lile la Ipuli. Alipunguza mwendo, akalikata mshazari kama nilivyomfundisha, na bado likakwaruza. Akazima injini, akashuka, akapiga magoti kwenye vumbi na kuchungulia chini kwa muda mrefu.