Mkuu, usimweke benchi kwa hiyo asilimia 40

Weka kalamu chini kwanza. Umesema mchezaji wako mmoja wa mpira wa kikapu anaingiza asilimia 50 ya mitupo yake, mwingine 40, kwa hiyo wa 40 anakaa benchi, tena unauliza programu gani ya simu inafaa kurekodia. Huo ujinga nilishaufanya mimi, na karatasi ninayo hadi leo.

Nilikuwa naandika takwimu za timu yetu. Robo fainali, dogo mmoja alitupa mara 15 akaingiza 6. Mwenzake alitupa 10 akaingiza 5. Nikampelekea kocha karatasi kifua mbele: huyu wa 40 anatupotezea mipira. Jina lake nilikuwa nimelipigia mstari mwekundu, tena kwa rula. Nusu fainali akaanzia benchi, tukafungwa kwa pointi 4, na mazoezini hakurudi tena. (Ndiyo, mechi moja ni kidogo mno kumhukumu mtu. Nalo hilo nililikosea.)

Siku nilipotulia nikaisoma upya. Kati ya vikapu vyake 6, vinne vilikuwa vya pointi 3. Hapo 12, na 4 za viwili vya ndani, 16. Mitupo huru, ile ya pointi 1 unayopewa ukichezewa faulo, alipata 8 mbali na ile 15, akaingiza 7. Jumla 23! Mwenzake alikuwa na 10 tu, na mitupo huru 2 aliikosa yote. Asilimia yangu ilihesabu kikapu cha 3 sawasawa na cha 2, na mitupo huru haikuiona kabisa.

Aliyenipoteza ni mtu mmoja aliyejiita mchambuzi. Kauli yake: "Mtupo ni mtupo, umeingia au haukuingia." Haya, na noti ni noti, basi tubadilishane pochi! Hesabu shuleni sikufeli, msinianze.

Fanya hivi: zidisha mitupo huru kwa 0.44, jumlisha na mitupo ya kawaida, zidisha yote kwa 2, kisha gawa pointi zake kwa jibu hilo. Dogo wangu: 15 na 3.52 ni 18.52, mara mbili 37.04. Pointi 23 kwa 37.04 ni asilimia 62. Mwenzake, 10 kwa 21.76, asilimia 46. Hiyo 0.44 ni makadirio tu. Ingekuwa mitupo huru huja miwili miwili kila shambulizi, tungetumia 0.5, maana miwili ingehesabika kama mtupo mmoja wa kawaida, lakini kuna ule mmoja wa nyongeza mtu akifunga huku amechezewa faulo, na kuna ya faulo za kiufundi, kama mtu akimtukana refa.

Kama mitupo huru hukuiandika, angalau kila kikapu cha pointi 3 kihesabu kama kikapu 1.5, kisha gawa kwa mitupo yake. Hata hapo dogo anapata 53 na mwenzake anabaki 50 yake.

Sasa hao wawili wako, nani anachezewa faulo sana? Mbona hukuandika?