Maswali ya Wasomaji: Kufungua kampuni Lagos

SWALI: Mimi na mwenzangu tuna kampuni ya programu za simu hapa Dar es Salaam. Mteja wa Lagos anataka mkataba na kampuni iliyosajiliwa Nigeria. Jamaa yetu wa huko anasema tuandikishe kwa jina lake tukwepe sharti la mtaji, faida atatutumia. Je, ni salama?

JIBU: Hapana, hata kama jamaa mwenyewe ni mwaminifu. Hisa zikiwa kwa jina lake ni zake kisheria: akidaiwa, akiachana na mkewe au akifariki, nazo zinahesabiwa katika mali yake. Isitoshe, sheria ya makampuni ya 2020 inataka mmiliki halisi mwenye asilimia 5 au zaidi atajwe, kwa hiyo mtaanza na tamko la uongo.

Wala hamhitaji mbia mwenyeji. Tangu 1995 mgeni anaruhusiwa kumiliki asilimia 100 katika shughuli nyingi. Sharti ni mtaji wa hisa usiopungua naira milioni 100, hata kama mgeni ana hisa chache tu.

Usajili unafanywa CAC, ambayo ni kama BRELA yetu. Hapa wengi hunaswa na jambo dogo: sheria inaruhusu kampuni ndogo kuwa na mkurugenzi mmoja na kutokaguliwa hesabu, lakini yenye mwanahisa mgeni haihesabiwi kuwa ndogo. Andaeni wakurugenzi wawili, katibu na mkaguzi wa hesabu mapema.

Baada ya hapo fungueni akaunti ya kampuni, na ndipo fedha ziingie. Benki inayozipokea hutoa cheti cha uingizaji mtaji, kinachojulikana kama CCI, ndani ya saa 24. Cheti hiki ni muhimu kuliko cheti cha usajili chenyewe, kwa sababu bila hicho benki haitawauzia dola rasmi za kupeleka gawio nyumbani. Hakikisheni jina la mtumaji ni lile lile la mwanahisa aliyeandikwa CAC, na maelezo ya muamala yaseme wazi kama ni mtaji wa hisa au mkopo. Mkileta mitambo badala ya fedha, cheti kinapatikana pia, ila makaratasi ya forodha yafunguliwe kupitia benki kabla mzigo haujasafiri.

Baadaye hufuata usajili NIPC, tume ya kukuza uwekezaji, kisha kibali cha biashara na nafasi za wafanyakazi wageni kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani. Kila mgeni anatakiwa kuwa na Wanigeria wawili wanaojifunza kazi yake.

SWALI: Sisi tulishatuma dola kwa akaunti ya mtu binafsi, akazibadilisha naira na kuziingiza kwenye kampuni. Cheti tutakipataje?

JIBU: Hamtakipata. Benki ya kampuni iliona naira za ndani, si mtaji wa kigeni. Kiasi hicho kitumieni kwa matumizi ya hukohuko, na awamu inayofuata ipite benki kwa benki. Akitokea wakala anayeahidi cheti cha tarehe ya nyuma, achaneni naye, hicho ni cha kughushi.

SWALI: Na kodi je?

JIBU: Sheria mpya ilianza Januari 1, 2026, na mamlaka ya kodi ya serikali kuu, FIRS, sasa inaitwa NRS. Kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 30, pamoja na tozo ya maendeleo ya asilimia 4. Kampuni ndogo kikodi (si ile ndogo ya sheria ya makampuni) ina asilimia sifuri, lakini huduma za kitaalamu hazimo katika nafuu hiyo. Nyinyi wa programu, mwulizeni mshauri wa kodi mko upande gani kabla ya kupanga bei.

VAT ni asilimia 7.5, ritani inawasilishwa ifikapo tarehe 21 ya mwezi unaofuata. Jambo jema ni kwamba sasa VAT mliyolipa kwenye huduma na vifaa vya kudumu inarudishika. Zamani ilikuwa hasara tupu. PAYE haiendi serikali kuu. Inakwenda jimbo anakoishi mfanyakazi, kwa Lagos ni LIRS, mamlaka ya kodi ya jimbo, ifikapo tarehe 10. Gawio likitolewa, mnakata kodi ya zuio ya asilimia 10.

Mwezi usio na mauzo ritani ya VAT inapelekwa ikiwa na sifuri, na ritani ya mwaka ya CAC ni nyingine kabisa, isichanganywe na ya kodi.