Kwa nini Wajerumani waliiruka 9 Novemba

Mkuu, umeuliza kwa nini Wajerumani husherehekea sikukuu ya taifa 3 Oktoba ilhali Ukuta wa Berlin ulianguka 9 Novemba 1989. Tarehe hiyo ina makovu.

9 Novemba 1918 Kaiser, mfalme wa Ujerumani, aling'olewa na jamhuri ikatangazwa (huku kwetu Afrika Mashariki kamanda wao wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Lettow-Vorbeck, aliendelea kupigana, habari zilichelewa kumfikia). Mwaka 1923, siku hiyohiyo, jaribio la Hitler la kupindua serikali lilizimwa mjini Munich. Wanazi wakaifanya siku ya kuwaenzi wenzao waliouawa. Ndiyo maana 1938 vigogo wao walikuwa wamekusanyika Munich kwa kumbukumbu hiyo Goebbels, waziri wao wa propaganda, alipochochea watu dhidi ya Wayahudi, na usiku ule masinagogi, nyumba zao za ibada, yakachomwa nchi nzima. Hapo sioni sadfa kabisa.

Ya 1989 ndiyo sadfa, tena ya kuchekesha. Msemaji wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, Schabowski, aliulizwa ruhusa ya raia kusafiri nje inaanza lini. Akapekuapekua karatasi zake, akajibu: sasa hivi. Mpango ulikuwa ianze kesho yake! Watu wakafurika mipakani, askari wakashindwa kuwazuia.

3 Oktoba ni siku Ujerumani Mashariki na Magharibi zilipoungana rasmi, 1990. Haina msisimko, lakini haina damu.