Jibu: Waziri Mkuu kuteua malodi hakumpi wingi moja kwa moja

Mdogo wangu, umeuliza kama kwenye mdahalo wenu mnaweza kusema chama tawala Uingereza hudhibiti Bunge la Malodi (baraza la juu la Bunge, ambalo wananchi hawalipigii kura), kwa kuwa Waziri Mkuu ndiye anayependekeza majina kwa Mfalme. Msiseme hivyo, mtabanwa.

Lodi aliyeteuliwa chini ya sheria ya 1958 hukaa maisha asipostaafu, kwa hiyo serikali mpya hurithi malodi wa waliotangulia. Chama cha Labour kiliposhinda uchaguzi kwa kishindo Julai 2024, chama cha Conservative, kilichoshindwa, bado ndicho kilikuwa na malodi wengi kuliko chama kingine kule. Halafu wapo malodi huru, wasio na chama, na hao mara nyingi ndio huamua kura. Anza kwa kuhesabu makundi hayo matatu kwenye tovuti ya Bunge lenyewe. Andika na tarehe, maana idadi hubadilika kila anapofariki au kustaafu mtu.

Hoja yenu nzito iko kwingine: hakuna sheria inayoweka kikomo cha idadi ya malodi, kwa hiyo Waziri Mkuu anaweza kuendelea kuwaongeza. Tume ya uteuzi, iliyoanzishwa mwaka 2000, huchunguza uadilifu wa wanaopendekezwa, lakini ushauri wake haumfungi Waziri Mkuu. Desemba 2020 Boris Johnson, Waziri Mkuu wa wakati huo, aliukataa, akampitisha Peter Cruddas, aliyewahi kuwa mweka hazina wa Conservative. Mfano huu ushikeni, unanikera mpaka leo.

Wapinzani watawaambia malodi hawana meno. Ni kweli kwa sehemu: sheria za 1911 na 1949 zinawaruhusu kuchelewesha miswada mingi kwa takriban mwaka mmoja tu. Vifungu vyenyewe msomeni na mwalimu wa sheria kabla ya kuvinukuu.