Shemeji, hicho chakula cha bure

Shemeji, juzi uliniuliza mbele za watu: “Wewe uko mgahawani London, unakula bure kila siku, mshahara wote unakwenda wapi?” Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Leo sina zamu, ngoja nikujibu.

Kula nakula, sikatai. Migahawa mingi huku hupika chakula cha wafanyakazi, kwetu ni saa kumi na nusu jioni, kabla wateja wa usiku hawajaanza kuingia. Ila usidhani ndicho kile kinachokwenda mezani. Samaki wa pauni 28 namjua kwa kukwangua sahani yake tu. Chetu ni mapaja ya kuku ambaye kidari chake kimeuzwa, mkate wa jana, na tambi. Tambi, shemeji, mpaka uzichukie. Anayepika ni yule mdogo kuliko wote jikoni. Siku akiwa amegombezwa, utajua kwenye chumvi.

Wahudumu wanakaa. Sisi wa kuosha masufuria tunakula wima, chakula kwenye kopo la aiskrimu, mgongo kwenye friji. Sheria inasema ukifanya kazi kwa muda unaozidi saa sita una haki ya kupumzika dakika 20, lakini mwajiri halazimiki kuzilipia, kwa hiyo wengi tunameza haraka tunarudi.

Na hilo neno “bure”. Mgahawa wangu wa kwanza, mwaka 2016, walikuwa wananikata pauni 3 kila zamu, nimekula sijakula. Nalipwa 7.20 kwa saa, kima cha chini cha mwaka ule. Ramadhani ikaangukia Juni, jua linazama saa tatu na dakika ishirini usiku, oda ndiyo zimefurika. Nilifuturu tende tatu na maji ya bomba, glavu nimevua mkono mmoja. Zile pauni 3 wakakata vilevile, mwezi mzima. Kumbe hapa hawaruhusiwi kukukata hela ya chakula ukaangukia chini ya kima hicho; malazi tu ndiyo wanaweza kukukata, nayo kwa kikomo. Nilikuja kulijua nimeshaondoka.

Nilipo sasa ni afadhali. Jumapili mmoja wetu anapika cha kwao. Yule Mbangladeshi alitupikia dengu, nikamwomba arudie. Zamu yangu nikapika pilau, bizari nzima niliitoa nyumbani. Mpishi mkuu alikuja na kijiko, akainama kwenye sufuria akikwangua ukoko, hasemi kitu. Kisha akaniita kwa jina langu. Miezi minane nilikuwa “rafiki” tu.

Sasa mshahara: chumba changu pauni 750 kwa mwezi, choo tunachangia watu wanne. Bado nauli, bado umeme. Za bati la mama nitatuma tarehe 5. Na ukiwa na swali jingine, nipigie mimi, usilipeleke kwenye kundi la ukoo.