Kuzimu hakuna moto

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Msibani hapa Newala mzee mmoja aliwaambia wafiwa, "Mwenzetu ametangulia kuzimu, babu zake wameshampokea." Vijana nusura wamtoe uwanjani, eti amemtupa marehemu motoni. Je, kuzimu na jehanamu ni kitu kimoja?

JIBU: Marahaba. Si kitu kimoja, na huyo mzee aombwe radhi.

Jehanamu ni neno la kuja. Tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ya mbali ni bonde la Hinomu, nje ya kuta za Yerusalemu ya kale. Humo moto umo, sibishi. Ahera nayo ni ya Kiarabu: ni maisha ya baadaye, ya mwema na ya mwovu pia. Kuzimu ni letu. Ni ku- ya mahali na -zimu ile ile ya mzimu na mizimu. Kuzimu ni kwa waliotangulia, wale ambao wazee wa Kusini waliwamwagia unga chini ya mti na kuwaomba mvua. Wapo wanaisimu wanaolihusisha shina hilo na kuzima. Yaani mahali penye jina la kuzimika ndipo mlipopawashia moto! (Na ninyi mnaoandika "kuzimuni": ku- imeshawapa mahali, hiyo -ni mnaidai ya nini?)

Sasa niguse donda langu: "wakala wa kuzimu". Hapa Mtwara jua likizama tu, vipaza sauti vya wahubiri vinaanza. Mwenye duka lenye wateja wengi ni wakala wa kuzimu. Mama mkwe mkali, wakala wa kuzimu. Bei ya korosho ikishuka mnadani, mawakala wa kuzimu wamekalia mzani. Mimi wakala ninayemjua anakaa chini ya mwavuli, anatoa pesa za simu, na ukiwa na shida kweli anakwambia salio limekwisha. Huyu wa kuzimu kibanda chake kiko wapi? Kamisheni anamlipa nani, bibi yangu? Maana kuzimu nikujuako mimi ndiko aliko bibi, na bibi hakuwahi kuweka wakala. Akitaka kitu huja mwenyewe ndotoni, hudai tambiko lake, huyoo, ameondoka.

Mtaniambia Biblia. Haya, ifungueni. Wafasiri wa Union Version, Biblia yetu ya Kiswahili, walilichukua kuzimu kwa makao ya wafu, jehanamu wakaiachia moto wake. Ni kweli, katika Luka 16 yule tajiri anateseka kuzimu na kulilia tone la maji, na nadhani uvuguvugu ulianzia hapo. Lakini someni Ufunuo 20:14: Mauti na Kuzimu zinatupwa katika ziwa la moto. Kama kuzimu ndio moto wenyewe, moto unatupwaje motoni?

Tena hatuna haja ya kwenda mbali. Kabla ya vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani kuwaka Nandete, huko Kilwa, mwaka 1905, mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwaambia watu kwamba wazee wao waliokufa wanarudi. Hakuna aliyekimbia akidhani wanatoka kwenye tanuri. Watu walimiminika kwake, wengine wakiuliza habari za baba zao.

Peponi sitakawia. Ni pepo, ndugu ya upepo, na aliyewahi kukaa pwani ya Lindi saa saba mchana mwezi wa Novemba haulizi kwa nini raha ya milele iliitwa hivyo.

Najua neno hili limeshanishinda. Kamusi zenyewe siku hizi zinalegeza, na mjukuu wangu akiona filamu ya kutisha husema "hiyo ya kuzimu". Basi mfikishie mzee salamu zangu: alisema Kiswahili safi. Ila msiba ujao aseme ahera, asije akanyimwa wali.