Lile bakuli la matunda uliloliona pichani

Mwanangu, umeniuliza kwenye kundi la ukoo: "Shangazi, nje theluji tupu, na nyie mnakula matunda namna hiyo. Mbona maisha matamu? Nami nije?" Nakujibu bila kukuficha.

Tuanze na bakuli lenyewe. Maepo na mapeasi ni ya hapahapa Ujerumani. Huchumwa Septemba na Oktoba, yakawekwa kwenye maghala ya baridi yaliyopunguzwa oksijeni, ndiyo maana Januari bado ni magumu na matamu. Machenza yanatoka Hispania. Komamanga nanunua kwa Waturuki, bei yao afadhali. Parachichi sikuweka: wewe hapo Tukuyu unaliokota chini ya mti, huku linauzwa moja moja kama yai.

Nakata maepo na maganda yake, nayakamulia limau papo hapo yasigeuke rangi. Komamanga nalimenyea ndani ya beseni la maji, punje zinazama na ngozi nyeupe inaelea. Vile vya kahawia vyenye mikunjo ni jozi, aina ya kokwa za kupasua ganda. Nazikaanga bila mafuta dakika tano, nazitia mwisho kabisa, maana ukiziwahisha zinalainika. Asali kijiko kimoja, mdalasini kidogo. Wewe weka korosho au karanga, itakuwa tamu vilevile.

Sasa ukweli. Baridi yangu ya kwanza hapa Dresden sikula hivyo. Naingia kazini kwenye nyumba ya wazee alfajiri giza, natoka saa kumi jioni, Desemba, giza linarudi. Nyumbani ni mkate na chai, kisha kitanda. Daktari akanipima, vitamini D imeshuka. Hiyo matunda hayakupi, nameza vidonge kila baridi. Lakini kilichoniumiza zaidi ni ukimya. Kwetu mtu hapiti mlangoni bila salamu ya "ugonile". Huku nilifika Oktoba, nikakaa ghorofa ya tatu miezi miwili bila mtu kugonga.

Aliyegonga wa kwanza ni bibi wa mlango wa pili, tarehe 6 Desemba, siku ya Mtakatifu Nikolasi, ambayo watoto wa huku hukuta maepo, machenza na jozi ndani ya viatu. Alibeba mfuko wa jozi kutoka bustani ya dada yake. Sikujua hata kuzipasua. Akaingia jikoni, mimi na Kijerumani changu cha kuokoteza, akanionyesha saladi hii. Tangu siku hiyo, Jumapili za baridi nikiwa sina zamu, natengeneza bakuli kubwa na kugonga milango mwenyewe. Wengine wanashukuru na kufunga. Wanne huingia, tunakaa mpaka usiku. Uliona picha ya Jumapili. Jumatatu yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nawaogesha wazee.

Mshahara upo, ila makato na kodi ya nyumba vinatangulia. Upo mwezi ambao nashindwa kutuma chochote, na bibi yako analijua hilo. Njoo kama chuo cha uuguzi kimekukubali kwa maandishi na Kijerumani umekisoma kwelikweli. Kwa ajili ya picha, usije.

Viza ikitoka, nitakupokea uwanja wa ndege na koti zito mkononi. Wewe nibebee karanga za kukaanga za pale stendi ya Tukuyu, nusu kilo. Nataka yule bibi jirani azionje.